Nilikuwa Namsaidia Tu

Palikuwa na fundi mmoja wa kupaka vanishi, ambaye kazi yake aliifanya kwa vidole kabla ya kuifanya kwa brashi. Meza ikishapigwa msasa, alifumba macho na kuipitishia ncha za vidole taratibu, kama mtu asomaye. Palipokwaruza, alirudia. Palipoteleza, alisema, "Hapa pameiva." Wenzake karakanani wakamwita Vanishi. Jina likamganda, hata mkewe akalizoea.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango, mahali penye mwanga. Kila jioni Vanishi aliporudi na kunawa, mkewe alimwita.

"Mume wangu, nisaidie kushika kitambaa hiki."

Vanishi alishika ncha moja, mkewe akanyoosha ncha ya pili na kupitisha mkasi. Wakati huo ndipo walipozungumza: karo ya watoto, kodi ya nyumba, jirani aliyeoa tena. Kitambaa kilikwisha kukatwa, na maneno yakaendelea.

Karakanani palikuwa na lugha yake. Palikuwa na mashine kubwa ya kupasulia mbao, yenye msumeno wa duara. Fundi wa msumeno alisimama mbele na kusukuma ubao. Mtu wa pili alisimama nyuma, akaupokea ubao ukitoka. Huyo wa nyuma aliitwa msaidizi. Hakuwa mtu mmoja maalumu. Kila asubuhi msimamizi alipita na penseli yake sikioni, akanyoosha kidole.

"Wewe, leo msaidie fundi."

Basi. Aliyenyooshewa kidole aliacha kazi yake akaenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Asubuhi moja kidole kilimwangukia Vanishi. Aliweka brashi yake ndani ya kopo, akaenda kusimama nyuma ya msumeno. Kinga ya chuma iliyopaswa kufunika meno ya msumeno ilikuwa imevunjika zamani na kuegemezwa ukutani. Kabla ya adhuhuri ubao mmoja wenye fundo uligoma katikati. Fundi alisukuma kwa nguvu. Ubao uliruka, ukauvuta mkono wa Vanishi.

Mwenyezi Mungu alimbakishia uhai. Katika mkono wa kulia alimbakishia gumba na kidole cha shahada. Vidole vingine havikurudi.

Mwenye karakana alilipa gari la kumpeleka hospitali, kisha akanyamaza. Vanishi alipoomba fidia, aliambiwa asubiri. Aliposubiri sana, alifungua madai mahakamani. Alisikilizwa kwa heshima. Wakili wa mwenye karakana, mtu mpole wa sauti, alimwuliza:

"Bwana, wewe uliajiriwa kufanya kazi gani?"

"Kupaka vanishi, mheshimiwa."

"Siku ile ulikuwa unapaka vanishi?"

"Hapana. Nilikuwa namsaidia tu fundi wa msumeno."

"Kumsaidia tu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kumsaidia tu."

Neno hilo "tu" alilitia kwa adabu. Fundi wa msumeno alikuwa mkubwa wake kazini. Vanishi hakutaka kujifanya fundi wa mashine isiyo yake. Alilelewa hivyo: mtu hajipandishi mbele za watu.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa utulivu. Alisema kwamba mdai, kwa maneno ya kinywa chake, hakuwa katika kazi aliyoajiriwa. Alijitolea kumsaidia mwenzake kwa hiari yake. Kwa hiyo jeraha halikutokana na kazi. Mwisho hakimu alisema, "Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa." Madai yakatupwa.

Vanishi hakulisikia lile la mwisho. Alikuwa bado ameduwaa juu ya "hiari yake".

*

Tangu siku ile, neno moja lilihama nyumbani kwao. Jioni ya kwanza baada ya hukumu, mkewe alitandaza kitambaa akasema kama kawaida, "Nisaidie..."

"Usilitaje neno hilo!" Vanishi alisema kwa ukali ambao mkewe hakuwahi kuusikia. Kisha akashusha sauti. "Nakuomba, mama. Usilitaje."

Mkewe akaacha. Akawa anasema, "Shika hapa," au "Sogeza kile." Baadaye akaacha hata hayo. Kitambaa alikiwekea pasi juu ya ncha moja ili kisisogee, akakata peke yake. Vanishi alikaa kitandani, mkono wa kulia ndani ya mkono wa shati. Wiki zikapita. Mazungumzo nayo yakahama.

Kaka yake mkubwa, muuza nyama mwenye bucha mtaa wa pili, alikuja mara kwa mara. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi.

"Mdogo wangu, hakimu alisema ukate rufaa. Mimi nilimsikia! Sasa kama ni kukata, niachie mimi. Kukata ndiyo kazi yangu."

"Nimekwisha kukatwa, kaka," Vanishi alijibu. "Sitaki kukata kitu tena."

Kaka mtu akaacha nyama juu ya meza na kuondoka.

*

Ikatokea siku moja jirani yao, mama mmoja mwenye miwani, akaja kujaribu gauni aliloshonewa. Watu walimjua kuwa anafanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya zahanati, mahali watu wanapokwenda na matatizo yao ya sheria. Hapo mlangoni alimgeukia Vanishi, akasema kwa wema kabisa:

"Shemeji, nisaidie kiti hicho nikae."

Mke wa Vanishi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Vanishi alisimama, akasogeza kiti kwa mkono wa kushoto, lakini uso ulimbadilika.

"Nimekukosea, shemeji?" yule mama akauliza.

"Hujanikosea, dada. Ila neno hilo limenikata mara mbili. Mara ya kwanza kwenye msumeno, mara ya pili mahakamani."

"Kaa chini, unieleze."

Vanishi akaeleza. Alieleza kidole cha msimamizi, ubao wenye fundo, swali la wakili na jibu lake. Yule mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alivua miwani.

"Shemeji, unajua mimi kazini naitwaje?"

"Nasikia ni mwanasheria."

"La. Mwanasheria amesoma zaidi yangu. Mimi naitwa msaidizi wa kisheria. Nimesomea kazi hiyo na ninalipwa mshahara. Mkuu wangu akiniambia leo nimsaidie mjane fulani, siwezi kusema sitaki. Sasa niambie. Nikianguka ngazini pale ofisini nikimhudumia mjane huyo, nitakuwa nimeanguka kwa hiari yangu?"

Vanishi alimtazama. Tangu hukumu isomwe, hakuna aliyemgeuzia neno lile na kumwonyesha upande wake wa pili.

"Lakini mimi mwenyewe nilitamka, dada. Nilisema 'tu'. Hakimu hakunizulia."

"Sikusema amekuzulia. Hakimu ni binadamu. Huenda alilisikia neno kama linavyosemwa mtaani, wala hakulisikia kama linavyosemwa karakanani kwenu. Akikosea bila nia mbaya, sheria imeweka njia ya kusahihisha. Njia hiyo ndiyo rufaa. Wewe hukumu imesomwa lini?"

Mkewe ndiye aliyejibu. Msaidizi wa kisheria akasimama ghafla, gauni likiwa bado na pini mabegani.

"Jamani! Mmekaa na jambo hili ndani muda wote huo? Rufaa ina muda wake. Kila nchi na kila aina ya kesi imewekewa siku zake, na siku hizo huhesabiwa wewe ukiwa na huzuni au huna. Zikipita, itakubidi uombe ruhusa ya kuchelewa, na ueleze sababu ya maana. Ruhusa hiyo mtu aweza kunyimwa. Zako hazijapita, lakini zimebaki chache. Kesho asubuhi twende masjala."

"Dada," Vanishi alisema polepole, "jambo hili nilishamwachia Mungu."

"Nami namwachia Yeye, shemeji. Lakini tumwachie tukiwa tumefanya lile lililo mkononi mwetu."

Vanishi aliutazama mkono wake ndani ya shati. Mkewe alisema kwa sauti ndogo, "Nenda, mume wangu. Kama si kwa ajili ya fidia, nenda ulirudishe neno letu."

*

Masjala ni chumba cha mahakama kinachotunza majalada. Palikuwa na dirisha lenye vyuma, na nyuma yake karani aliyezungukwa na makabati. Msaidizi wa kisheria alimfundisha Vanishi aombe mwenyewe.

"Naomba nakala ya hukumu," Vanishi alisema, "na nakala ya mwenendo wa kesi."

Karani alipokea barua ya maombi, akaipiga muhuri, akamrudishia nakala moja. "Itunze hii," alisema. "Ndiyo ushahidi kwamba uliomba mapema."

Nje, kwenye benchi, Vanishi aliuliza, "Hukumu naijua. Mwenendo wa kesi ni nini?"

"Ni maandishi ya kila kilichosemwa mahakamani. Swali lako na jibu lako, shahidi wako na shahidi wao. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Rufaa si kesi mpya. Huendi kusimulia upya. Majaji wa mahakama ya juu hawatakuuliza msumeno ulilia vipi. Watasoma yaliyoandikwa, kisha watajiuliza: je, hakimu aliyaelewa sawasawa? Je, liko jambo alilolisahau? Je, sheria aliitumia ipasavyo?"

"Nisiwaonyeshe mkono wangu?"

"Mkono wako umo katika taarifa ya daktari, nayo iko jaladani."

"Na nikileta mashahidi wengine? Wenzangu watatu wako tayari."

"Kwa kawaida ushahidi mpya haupokelewi kwenye rufaa, ila kwa ruhusa maalumu na kwa sababu nzito. Tuangalie kwanza kama jawabu limo ndani ya yale yaliyokwisha kusemwa."

Jioni ile kaka mtu alikuja, akasimuliwa. Macho yalimng'aa.

"Vizuri! Nami nina mpango wangu. Huyo hakimu nyumba yake naijua. Nitampelekea paja zima la ng'ombe, niketi naye, tuzungumze kiungwana."

Msaidizi wa kisheria, aliyekuja kuchukua gauni lake, alimgeukia.

"Kaka, ukilibeba paja hilo, unambebea mdogo wako kosa la jinai. Hiyo ni rushwa, hata ukiifunga kwa karatasi nzuri."

"Rushwa? Nyama ya salamu tu!"

"Umeona?" alisema. "Na wewe una 'tu' yako. Ukoo wenu una shida na neno hili."

Mke wa Vanishi alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani mle tangu siku ya hukumu. Kaka mtu alijikuna kichwa, naye akacheka.

"Haya, paja nitaliuza. Lakini niambieni la kufanya, nami ni ndugu."

"Kuna nauli za kwenda na kurudi mahakamani. Kuna ada ya kufungua rufaa, ingawa asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Mpe bega hapo."

"Hapo nipo," alisema kaka mtu.

*

Nakala zilipotoka, walizisoma katika kile chumba nyuma ya zahanati. Feni ilizunguka ikinguruma. Vanishi alisoma kwa shida kidogo, maana aliacha shule mapema, lakini alitaka asome mwenyewe. Alifika mahali pa maneno yake. *Nilikuwa namsaidia tu.* Aliyaona meusi juu ya karatasi nyeupe, akafumba macho. Bila kukusudia, alipitisha kidole cha shahada juu ya mstari ule, kama alivyozoea kupapasa ubao.

"Hapa panakwaruza," alisema.

"Endelea mbele," msaidizi wa kisheria alimhimiza. "Usiishie kwako. Soma walichosema wengine."

Akaendelea mpaka kwenye ushahidi wa msimamizi. Msimamizi aliletwa na mwenye karakana, kwa hiyo Vanishi siku ile alikaa akiwa na hasira, wala hakumsikiliza vizuri. Sasa aliyasoma maneno yake neno kwa neno. Msimamizi aliulizwa nani huamua anayesimama nyuma ya msumeno. Akajibu: *Ni mimi, kila asubuhi. Nikimwambia mtu msaidie fundi, anakwenda. Akikataa, anarudi kwao.*

Vanishi alisoma mara ya pili. Kisha akasema, "Alisema kweli. Mbele ya tajiri wake, alisema kweli. Nami nimemnunia muda wote huu."

"Sasa chukua hukumu," alisema msaidizi wa kisheria. "Nitafutie mahali ambapo hakimu ameyataja maneno haya ya msimamizi."

Vanishi alitafuta. Alipindua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Hakuyataja popote."

"Basi hiyo ndiyo sababu yako ya rufaa. Hatuandiki kwamba hakimu ni mbaya, wala hatumtukani. Hatuandiki kwamba una watoto na kodi, ingawa ni kweli. Tunaandika hivi: kwamba mahakama ilikosea kulichukua neno 'kusaidia' kuwa ni hiari, ilhali ushahidi wa msimamizi, uliomo katika mwenendo, unaonyesha kuwa ilikuwa amri ya kazi. Na kwamba ushahidi huo haukuzingatiwa."

"Hayo tu?" Vanishi aliuliza, kisha akajishika mdomo.

"Hayo tu," alisema yule mama akitabasamu. "Hapa 'tu' imekaa mahali pake."

Wakili wa ofisi ile aliyapitia maandishi na kuyanyoosha. Yakapelekwa masjala kabla muda haujaisha, yakapigwa muhuri. Nakala moja ikapelekwa kwa mwenye karakana, maana upande wa pili una haki ya kujua na kujibu. Vanishi sasa akaitwa mrufani, yaani mtu aliyekata rufaa. Kaka mtu alilipenda jina hilo, akawa anamwita hivyo hata mbele ya wateja wa bucha.

*

Chumba cha mahakama ya juu kilikuwa na dari ya juu na viti vya mbao. Vanishi alipoketi, mkono wake ulipapasa kiti kwa mazoea. Vanishi hii ni mbaya, akawaza, wamepaka bila msasa. Mawazo hayo yalimtuliza kidogo. Majaji waliingia, watu wakasimama. Mkewe alikuwa nyuma pamoja na kaka mtu, aliyevaa koti la harusi yake.

Wakili wa mwenye karakana alisimama. "Waheshimiwa majaji, mrufani alisema mwenyewe. Alikuwa anasaidia tu. Hatuwezi kumwongezea maneno ambayo hakuyasema."

Jaji mkubwa wa kikao, mama mwenye nywele nyeupe, alimtazama Vanishi. "Mrufani, una la kusema juu ya sababu zako za rufaa?"

Vanishi alisimama. Moyo ulimwambia auchomoe mkono, auinue juu, wauone wote. Moyo ulimwambia alie. Akakumbuka benchi la masjala. Mkono aliuacha ulipo.

"Mheshimiwa jaji, sina jipya la kuleta. Niliyosema niliyasema, wala siyakani. Naomba mahakama hii iyasome pamoja na maneno ya msimamizi. Karakanani kwetu, mtu akiambiwa asaidie, ameamriwa. Yeye msimamizi ndivyo alivyoieleza mahakama."

Akaketi.

Jaji alifungua jalada, akasoma kimya, kisha akamgeukia wakili. "Wakili, msimamizi alikuwa shahidi wa upande wako. Anasema anayekataa kusaidia hurudi kwao. Sasa hiari ya mrufani iko wapi?"

Wakili alipindua kurasa. Alipindua tena. "Mheshimiwa, msisitizo wetu uko kwenye neno 'tu'."

"Neno hilo nimeliona," alisema jaji. "Nimelisikia pia kwa watu wengi waungwana wanaposema habari zao."

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Majaji walisema kwamba mahakama ya chini ilikosea kuupita ushahidi wa msimamizi bila kuupima. Mfanyakazi aliyepelekwa na msimamizi wake kufanya kazi nyingine katika karakana ile ile, kwa faida ya mwajiri yule yule, bado yuko kazini. Kumwita msaidizi hakumtoi kazini. Rufaa ikakubaliwa. Jalada likarudishwa mahakama ya chini ili fidia ikadiriwe kwa mujibu wa sheria na taarifa ya daktari.

Mwenye karakana naye alikuwa na haki ya kwenda mbele zaidi. Hakwenda. Fidia ilipokadiriwa, aliilipa. Vanishi akatibiwa mkono wake kwa wataalamu, akaanza kujifunza kushika brashi kwa kushoto. Karakanani kinga ya msumeno ilitengenezwa na kufungwa kwa skrubu. Hata msimamizi alibadili usemi wake. Asubuhi alinyoosha kidole akasema, "Wewe, leo nimekupanga kwenye msumeno," na mafundi wakaguna kwa utani, "Tumepangwa, mheshimiwa!" Vanishi alimwendea msimamizi huyo, akampa mkono wa kulia ule ule wenye vidole viwili, akamwomba radhi kwa kumnunia. Msimamizi aliushika kwa mikono yote miwili.

Jioni ile Vanishi alirudi, akanawa, akaketi. Mkewe alikuwa ametandaza kitambaa cha samawati juu ya meza. Pasi aliiweka kwenye ncha moja kama alivyozoea. Akaitazama ile pasi. Kisha akaiondoa, akaiweka chini.

"Mume wangu," alisema, na sauti yake ilipanda kidogo kwa woga. "Nisaidie."

Vanishi aliinua macho.

"Ni ombi au ni amri?" akauliza.

"Ni amri."

Akainuka. Akaubana ukingo wa kitambaa kwa gumba na kidole cha shahada, akaukaza sawasawa, na mkasi ukaanza safari yake.

"Haya," alisema Vanishi. "Niambie. Yule jirani aliyeoa tena, wanaendeleaje?"